Mtoto wa Gredi 4 akitahiriwa bado ni mtoto

Mhariri,

Agosti inakaribia na huku Bungoma tohara ndiyo stori ya kila boma, maana kwetu Wabukusu inafanywa miaka ya namba shufwa na 2026 ndio huu. Mimi nilipita mtoni asubuhi nikapakwa tope kama baba yangu, kwa hivyo mtu asidhani napinga mila. Shida yangu ni umri. Zamani aliyesimama mbele ya ngariba alikuwa kijana mkubwa, akipona anaingia simba yake, yaani nyumba ya kijana kando na ya wazazi, na mambo ya kuoa hayako mbali. Sai tunatahiri watoto wa miaka nane, tisa, kumi, alafu tunawabebesha maneno yaleyale ya zamani, ati wewe sasa ni mwanaume, usionekane jikoni kwa mama yako.

Tukiwa chuo cha ualimu tulisoma juu ya mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani 1933. Kwa kitabu chake cha 1950 aligawa maisha ya binadamu hatua nane, kuanzia mtoto anayenyonya mpaka mzee anayeangalia nyuma maisha yake, na kila hatua ina jambo ambalo mtu anafaa kulipata kabla hajasonga, akilikosa linamfuata mbele. Na hakuangalia watoto wa wazungu peke yao, alienda kwa Wasioux wa South Dakota na Wayurok wa California, wenyeji wa asili wa Marekani, kuona venye wanalea. (Sisi pia tuna marika nane, kina Kolongolo, Maina, Chuma na wengine, lakini tusichanganye, rika ni la kundi zima, hatua za Erikson kila mtu anazipita mwenyewe.)

Sasa huyu mtoto wa kuanzia miaka sita hivi mpaka kumi na mbili, Erikson anasema kazi yake ni kujifunza kazi. Anataka kutumwa, afanye kitu mpaka kiishe, mtu mkubwa akiangalie aseme hapa umefanya vizuri, hapa rudia. Akinyimwa hiyo anaanza kujiona duni, anaona wenzake wanaweza yeye hawezi. Swali la mimi ni nani, nitakuwa mtu wa aina gani, linakuja baadaye, kwa ujana, na Erikson alisema hata huyo kijana anahitaji kupewa muda wa kujaribu jaribu mambo bila kufungwa haraka. Sisi tunachukua mtoto wa Gredi 4 ambaye hajamaliza kujua kutoa kwa kukopa tunampa jibu la mtu wa miaka ishirini.

Nina mwanafunzi ambaye alikuwa mchangamfu sana, akitoka shule anachota maji, anafungia ndama, kesho yake anakuja kunihadithia. Alipotahiriwa akahamishwa kwa simba ya kaka zake ambao wako Nairobi. Nyumbani wakaacha kumtuma, ati mwanaume hatumwi maji, dada yake mdogo ndiye anapeleka sahani ya ugali mpaka mlangoni. Usiku analala peke yake na tochi ya simu imewaka mpaka chaji iishe. Darasani anasinzia, na nikimwita ubaoni anakataa kwa sababu akikosea wadogo watamcheka na yeye ni mwanaume. Hakuna mtu alimfanyia ubaya, wazazi wake ni watu wazuri na waliona wanampa heshima, lakini mtoto alikuwa katikati ya kujifunza na tukamwambia amemaliza.

Najua kwa nini tunafanya hivi. Sherehe ni ghali, kaka mkubwa akiingia ni rahisi kumwingiza na mdogo ng'ombe iwe moja, tena yule ambaye hajatahiriwa anachekwa njiani. Hizo ni sababu za kweli. Lakini Erikson alisema sisi wenye miaka arobaini na kuendelea pia tuko na hatua yetu, na kazi yetu ni kulea wanaokuja nyuma, si kuwapunguza kwa hesabu ya gharama.

Kwa hivyo baba ambaye anaweza kungoja, angoje mpaka kijana amalize Gredi 9, atahiriwe 2032 au 2034 akili ikiwa imefika. Ambaye tayari ameshapanga wa mwaka huu, tafadhali mtoto akipona arudi nyumba ya wazazi, aendelee kutumwa maji, na aosheshwe vyombo kama kawaida. Na wajomba, mkishamvisha shingoni ile nyama ya ng'ombe ya mila msiishie hapo. Likizo ya Agosti ni fupi na mafundisho ya wazee siku hizi yanaharakishwa, muiteni Jumamosi hata mwaka mzima, mkae naye mkifanya kazi, mumfundishe pole pole.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kimilili, Bungoma