Tuuzieni kimoro hadharani, tujue tunakula mnyama gani

Mhariri, habari za kazi.

Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, linahusu hii nyama ya porini inayouzwa kimya kimya huku mitaani kwetu, wenyewe tunaiita kimoro. Mimi naishi Mbagala lakini kwetu ni Liwale, mkoa wa Lindi, na mtu wa Liwale ukimwambia aache nyamapori ni sawa na umwambie Mhaya aache senene. Nimekulia kwenye ndezi, yule panya mkubwa wa kwenye matete, nimekula nungunungu, funo, pongo, na panya buku ndio usiseme, hao hao ambao kule chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB, kwetu ni kitoweo cha kumkaribishia mgeni. Kwa hiyo siandiki kuwasema watu wanaokula, naandika kwa sababu naipenda hii nyama na nimeumizwa nayo.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu alikuja kutoka kijijini kutibiwa macho, mzee wa zaidi ya miaka sabini, zamani alikuwa mwindaji wa gobore mwenye kibali chake na aliacha kabisa baada ya Operesheni Uhai ya 1989, ule msako mkubwa wa majangili, alisema ule mwaka uliwatia watu adabu hata ambao hawakuwa majangili. Nikasema leo nimfurahishe mzee. Kuna kijana wa bodaboda huwa anatuma meseji "mzigo umeingia", basi hapo ushaelewa, unamtumia hela anakuletea mpaka mlangoni kwenye kiroba chini ya mkaa. Haipimwi kwa kilo, ni fungu. Akaniambia ni mbogo, wa Rufiji huko, kakaushwa kwa moshi vizuri. Mama watoto akailoweka tangu asubuhi, akaichemsha, akaiunga nazi, na bada, ugali wa muhogo, pembeni kama mzee anavyopenda, nyumba nzima inanukia moshi ule wa porini mpaka majirani wanauliza leo kuna nini.

Tumekaa kwenye mkeka tunakula, mwanangu wa miaka nane akatoa mfupa kwenye bakuli lake akamuuliza babu yake, babu huu mfupa wa nini. Mzee macho yake hayaoni vizuri, akauchukua akaupapasa na vidole, akaugeuza, akausogeza karibu na taa. Kilikuwa kifupa kirefu chembamba kama nusu ya kalamu, kina kinundu huku na kinundu huku, na kimeshikana na kingine kidogo. Akaweka tonge chini taratibu. Akaniambia, "Mjomba, hii nyama umenunua kwa nani? Mnyama wa kwato hana kitu hiki, hiki ni kidole." Akaeleza kwamba mbogo au swala mguu wake chini unashuka na mfupa mmoja mnene mpaka karibu na kwato, hivi vidude vyembamba vya kujipinda ni vya nyani au ngedere, alisema yupi kati yao hawezi kuapa maana nyama imeshakatwakatwa. Mama watoto akanyanyuka akaenda uani na mimi nikabaki nimekaa sina la kusema, mzee wa watu nimemwalika mwenyewe kwangu.

Mhariri, sisi ni Waislamu. Nyani kwetu haliwi, hilo moja. La pili hata angekuwa mbogo kweli, nani alimchinja? Mjomba alipokuwa anawinda alikuwa anatembea na kisu kiunoni, anapiga bismillahi ndio anafyatua, halafu anakimbia kumuwahi. Sasa hawa wa siku hizi wanatega waya, tena nyaya zenyewe wanazitoa kwenye matairi, tairi linachomwa mpaka mpira unaisha linabaki waya, wanatega kwenye njia ya wanyama kwenda majini halafu wanaondoka, wanarudi baada ya siku mbili tatu, wanachokuta ndio hicho. Mnyama wa waya usipomkuta hai ni mzoga, hata mtoto wa madrasa anajua. Na waya hauchagui, unakamata swala mwenye mimba, unakamata simba, unakamata mbwa mwitu ambao huko hifadhi ya Nyerere, iliyokatwa kutoka pori la Selous, ndio moja ya sehemu chache duniani wamebaki wengi, na hao hakuna hata anayewala, wanaozea pale pale.

Baadaye nikaanza kuulizia taratibu kwa watu wa mtaani nikagundua sio mimi tu. Ngiri anauzwa kama mbogo. Mzoga uliokutwa porini unabanikwa unauzwa, na hapa ndio naogopa zaidi, maana kuna kimeta. Mnyama mwenye kimeta anakufa ghafla, damu inamtoka puani na haigandi, na vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo miaka na miaka, moshi haviogopi na jua haviogopi, anayemchuna tu bila hata kumla anapata vidonda vyeusi. Daktari wa mifugo akimuona mnyama kafa hivyo anasema asipasuliwe kabisa. Sasa kimoro kikishakauka kikawa cheusi kimekunjamana, mimi wa Mbagala na taa yangu ya kibatari umeme ukikatika nitajuaje huyu alipigwa risasi au aliokotwa?

Na kisheria tunacheza na moto. Watu wengi wanadhani nyara za serikali ni meno ya tembo tu, kumbe kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hata mnofu wa swala kwenye sufuria bila kibali ni nyara. Mwaka 2023 nchi nzima iliongea kuhusu mama aliyehukumiwa miaka 22 jela kwa vipande vya nyama ya swala, mpaka Mahakama Kuu ikamwachia. Mimi nilisikitika kama wengine, nikasema jamani vipande tu, lakini wakati nasikitika mwenyewe nilikuwa na fungu jikoni. Yule kijana wa bodaboda naye ana mke na mtoto mchanga, anabeba kiroba cha kifungo kwa faida ya elfu tano.

Sasa mtu ataniambia acha kula basi. Sitaki kuacha na sioni kwa nini niache, kwa sababu njia ya halali ipo. Tangu 2020 kuna kanuni za kuuza nyamapori kwenye bucha, nyama inatoka kwa mwindaji mwenye kibali au kwenye shamba la wanyamapori, TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wanajua imetoka wapi, inakaguliwa, na unapewa risiti ambayo ndio kinga yako ukisimamishwa njiani. Kitu kizuri sana na niwapongeze walioleta wazo. Ila mbona huku kwetu sizioni? Mbagala na Temeke ndio tumejaa watu wa Lindi, Mtwara na Rufiji, wala nyamapori wenyewe ni sisi, halafu ili nipate bucha ya halali nianze kuulizia mji mzima wakati cha magendo kinanifuata mlangoni kwa meseji moja. Hapo unategemea nini.

Na bucha ikija naomba isiwe ya mbogo na pofu peke yake. Wengi wetu hatukukulia kwa mbogo, tumekulia kwa wanyama wadogo. Ndezi kwa mfano, Ghana na Benin wanamfuga kwenye mabanda kama sungura, anakula matete na mabua, kwa nini vijana wa Kisarawe na Mkuranga wasisaidiwe wapate vibali wafuge? Ndezi wa bandani unamchinja mwenyewe unamuona, hana waya shingoni. Kakakuona hapana, huyo ameisha, tumuache na heshima yake, wazee wetu wenyewe walikuwa hawamli ovyo, wanamwekea maji na silaha mbele yake waone atakwenda wapi ndio wajue mwaka utakuwaje.

Mimi sina dharau na chakula cha mtu. Wamakonde na Wamakua wana samaki nchanga wao, yaani panya, wanasema wazi na wanakula kwa raha. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi nyani wanamla na hawamfichi mtu, wamemwinda wenyewe kwa mshale, wanajua wanachokula na ndio tofauti yao na mimi, mimi nililishwa kwa jina la mnyama mwingine, mimi na mjomba wangu na wanangu.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Kila bucha iwe na kibao kinasema leo ni mnyama gani, katoka pori gani, na kachinjwa na nani, maana hilo la mwisho kwa nusu ya wateja wa Dar ndio la kwanza. Wenye vibali wakija kuulizia sehemu, kuanzia Rangi Tatu mpaka Kongowe fremu zipo tupu na wateja tupo. Mjomba amerudi Liwale juzi, macho yanaendelea vizuri, ila siku zote zilizobaki hakugusa nyama nyumbani kwangu, hata ya kuku, alikuwa anaomba mchicha.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam