Hewa ukaa inaushibisha mpunga, wali unapungua nguvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimekuwa nikilisikia barazani, na hata katika mikutano ya wakulima hapa Pemba, nalo ni kwamba ongezeko la hewa ukaa ni neema kwa mkulima kwa sababu hewa hiyo ndiyo chakula cha mimea. Wanaolisema wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana halifai kujibiwa kwa kulipuuza.

Mmea hujenga wanga wake kwa hewa ukaa, maji na mwanga wa jua. Kabla ya viwanda kuenea duniani, hewa hiyo ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Charles David Keeling alipoanza kuipima mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii, aliikuta kwenye 315 hivi, na sasa imeshapita 420. Mpunga, muhogo, kunde na mnazi ni miongoni mwa mimea inayokua kwa kasi zaidi hewa hii inapozidi. Mahindi, mtama na miwa hufaidika kidogo tu, hasa wakati wa ukame. Muhogo ndio uliowashangaza watafiti: katika majaribio ya shambani yaliyofanywa Illinois, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, mavuno ya mizizi yalikaribia kuongezeka maradufu.

Tatizo ni kwamba watu husimama hapo, wakapima gunia na wasipime kilichomo ndani yake. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya aina 18 za mpunga katika mashamba ya China na Japani, ambako mabomba yalizungushwa kwenye kipande cha shamba na kupuliza hewa ukaa juu ya mpunga uliokuwa ukikua katika jua, mvua na upepo wake wa kawaida, mpaka kiwango kikafikia kile kinachotarajiwa ndani ya karne hii. Mchele uliovunwa humo ulipungua protini kwa asilimia 10 hivi, chuma kwa asilimia 8 na zinki kwa asilimia 5, na vitamini kadhaa za kundi B zilishuka zaidi ya hapo. Sababu zake zinafahamika kwa kiasi kikubwa. Wanga huongezeka haraka kuliko naitrojeni na madini ambayo mizizi inaweza kuyapata ardhini. Tena, hewa ukaa ikiwa nyingi, vitundu vidogo vya majani hujifunga kiasi, mmea ukavuta maji machache, na madini yanayosafiri na maji hayo yakapungua nayo.

Kujifunga huko kuna athari nyengine kwa mpunga, kwa sababu jani lisilotoa maji vya kutosha halijipozi. Ua la mpunga hufunguka asubuhi, aghalabu baina ya saa tatu na saa tano, na halikai wazi zaidi ya saa moja au mbili. Joto likipindukia nyuzi 35 wakati huo, chavua hushindwa kufanya kazi yake na punje haijai. Mkulima ataona suke lililosimama vizuri, lakini akija kupepeta kwenye ungo atakuta mapepe tupu.

Kwetu sisi asilimia 8 ya chuma si kitu kidogo, kwani zipo nyumba nyingi ambazo wali huliwa kila siku na kitoweo ni cha kuonjea, na upungufu wa damu kwa watoto na kina mama wajawazito ni maradhi tunayoyajua. Wala tusidhani kwamba vidonge vitaziba pengo hilo kirahisi. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi kila siku, wakati malaria ikiwa nyingi, waliugua sana na kulazwa hospitali zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Malaria imepungua tangu wakati huo, lakini kwangu mimi utafiti ule unatosha kuonesha kwa nini chuma cha kwenye sahani kina thamani kubwa.

Kwa hiyo naiomba taasisi ya utafiti wa kilimo iliyopo Kizimbani, inapochagua mbegu za mpunga kwa ajili ya mabonde yetu, ipime chuma na zinki pamoja na mavuno na uhimilivu wa joto, maana zile aina 18 hazikupungua kwa kiwango kimoja, na tofauti hiyo ndiyo nafasi ya mchaguzi wa mbegu. Mabwana shamba na mabibi shamba nao wahimize kunde, choroko na mbaazi. Mimea hii hupata naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hivyo protini yake haishuki sana hewa ukaa inapozidi, ingawa chuma na zinki vyake hupungua pia.

Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mchele tunaokula, ukiwemo mapembe, unaletwa kwa meli kutoka nje, ninaomba mamlaka zinazohusika zipime madini yake pia na kuwatangazia wananchi matokeo kila mwaka.

Mwalimu wa sayansi,
Wete, Pemba