Usiseme unatupa miaka yako

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na wewe umeanza kulala usingizi wa kueleweka. Huku kwangu tu wazima. Kazi ndiyo ileile, zamu ya usiku bado ni yangu.

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Kilichonikaa moyoni si habari ya kuacha kazi, maana hilo nililiona likija. Ni ule mstari wako: "Miaka kumi na minane ya televisheni naitupa, naenda kuanza sifuri kwenye sera za intaneti." Hilo neno "naitupa" ndilo limenikalisha chini nikuandikie kirefu. Mimi nakataa kwamba unatupa kitu, na sitaki kukutia moyo kwa maneno matupu. Nitakusimulia njia aliyopita mwanamke mwingine, uone mwenyewe alichokibeba na alichokiacha.

Ni Rebecca MacKinnon, Mmarekani aliyetoka uandishi wa televisheni akawa mtetezi wa haki za watumiaji wa intaneti. Nakumbuka niliwahi kukutajia jina lake, ukaniambia tuyaongee siku ukiwa na nafasi. Basi leo nafasi tumeipata.

Aliingia CNN, televisheni ya habari ya Marekani, mwaka 1992, ofisi ya Beijing, kama msaidizi. Si mtangazaji, wala si mtu wa kuonekana kwenye kioo. Baba yake ni msomi wa historia ya China, na yeye utoto wake ulipita Delhi, Hong Kong na Beijing, kwa hiyo Wachina hakuwajua kwa kupitia mkalimani. Akapanda ngazi mojamoja: utayarishaji, kisha uandishi wa habari, na mwaka 1998 akawa mkuu wa ofisi nzima ya Beijing. Mwaka 2001 wakampeleka Tokyo kwa cheo kilekile. Wewe kazi hiyo huhitaji kuelezwa. Mkuu wa ofisi ndiye wa bajeti, vibali na madereva, ndiye wa kubishana na makao makuu usiku wa manane, na ndiye anayejibu habari ikikosewa.

Mwaka 2004 akaondoka. Yeye mwenyewe amewahi kusimulia kwamba jinsi alivyozidi kulielewa eneo lake, ndivyo habari alizotaka kuzitoa zilivyozidi kupishana na zile zilizotakiwa kwa watazamaji wa Marekani. Hapo najua umetikisa kichwa.

Hakurukia kazi ya sera moja kwa moja, na hili naomba ulishike. Alikwenda Harvard, kwanza kituo cha Shorenstein kinachoshughulika na vyombo vya habari, halafu kituo cha Berkman cha mambo ya intaneti na jamii. Desemba mwaka huohuo yeye na Ethan Zuckerman wakawakusanya wanablogu wa nchi mbalimbali, na kutoka hapo ikazaliwa tovuti ya Global Voices. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: watu wanaandika habari za kwao kwa lugha zao, kinachokosekana ni wahariri na wafasiri wa kuwafikisha kwa wengine. Tanzania tulimtoa Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, akawa mhariri wao wa Afrika kusini mwa Sahara. Na Kiswahili kikapata ukurasa wake, kwa kazi ya watu waliojitolea. Nakwambia haya uone kwamba hatua yake ya kwanza nje ya televisheni bado ilikuwa uhariri mtupu: kuchagua, kuhakiki, kumpa mtu muktadha.

Kilichombadilisha kuwa mtetezi, kwa jinsi ninavyoisoma safari yake, ni China tena. Kulikuwa na mhariri wa gazeti mjini Changsha, Shi Tao. Aprili 2004 alituma nje ya nchi, kwa barua pepe ya Yahoo, muhtasari wa maagizo waliyopewa waandishi kuhusu miaka 15 ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing. Jina lake hakuliweka. Yahoo ikatoa taarifa za akaunti ile kwa wakuu wa China, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Alitoka 2013. Mama yake alifika Washington mwaka 2007, na mkuu wa Yahoo wa wakati huo, Jerry Yang, akamwinamia kumwomba radhi.

Nikisoma habari ya Shi Tao, shoga, namkumbuka yule kijana wetu wa stoo ya dawa, chanzo chetu cha siri.

Wewe ndiye uliyeihariri ile habari. Uliketi chumba cha uhariri mpaka saa nane za usiku, ukamweka gizani, ukabadilisha sauti, na hata kikohozi chake ukakikata kwa sababu ulisema wanaofanya naye kazi watakitambua. Wiki mbili baadaye wakubwa wake wakamwita na kumwekea mezani karatasi ya orodha ya simu zake. Namba ya dawati letu ilikuwa imepigwa wino wa njano, mara sita. Sisi tulikuwa tumelinda uso na sauti. Kilichomfichua kilikaa kwingine kabisa, kwenye kumbukumbu za kampuni ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiuliza inazitunzaje na inampa nani. Sikujua siku ile hilo ni swali la nani kuliuliza. Bado ananipigia sikukuu zikifika, na kila mara ni kwa namba mpya.

MacKinnon aliamua swali hilo ni lake. Aliandika sana kuhusu kampuni za Marekani na udhibiti wa China, ikiwemo ile ya Microsoft kuifuta blogu ya Michael Anti, mwandishi wa habari wa China, mwishoni mwa 2005. Akafundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Hong Kong. Mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliosimamisha Global Network Initiative, ambamo Google, Microsoft na Yahoo walikaa meza moja na watetezi wa haki, wasomi na wawekezaji, wakakubaliana kanuni za kufuata serikali inapodai taarifa za mtumiaji au inapotaka kitu kiondolewe. Mwaka 2012 akatoa kitabu ambacho hoja yake kuu bado inanifuata: kampuni hizi zinatutawala kwa namna fulani, lakini hatukuzipigia kura na hatujajua namna ya kuziwajibisha.

Na hapa sitakuficha ugumu wake. Kanuni zile ni za hiari. Oktoba 2013, baada ya siri za upelelezi wa Marekani kumwagika, EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, lilijitoa katika umoja ule kwa sababu kampuni hazikuwa huru kusema zimeamriwa nini na serikali yao. Kazi unayoiendea itakukalisha na watu uliokuwa ukiwachunguza, utakunywa nao chai, na siku nyingine utatoka kwenye kikao hujui umewabana au wao ndio wamekutumia. Chumba cha habari kilikupa raha ya kusimama nje ya mlango. Raha hiyo itaondoka, na nadhani hiyo ndiyo hasara yako ya kweli, si hiyo miaka kumi na minane.

Lakini kilichonishika zaidi katika kazi zake ni Ranking Digital Rights, mradi wa kuzipanga kampuni kwa jinsi zinavyoheshimu haki za watumiaji. Orodha yao ya kwanza ilitoka Novemba 2015: kampuni 16, nusu za intaneti, nusu za simu, zimepimwa kwa vigezo 31 vya faragha na uhuru wa kujieleza. Vodafone, Airtel na MTN walikuwemo. Aliyeongoza alikuwa Google, na alipata 65 kwa 100! Sasa tazama walivyofanya. Walihesabu tu kile ambacho kampuni imekichapisha wazi. Ahadi ya mdomo haikuwa na alama. Kisha kila kampuni ikapewa nafasi ya kujibu kabla matokeo hayajatoka.

Hiyo si ndiyo kazi yako? Hati iko wapi, nani amesema, amepewa nafasi ya kujibu? Wewe umewafukuza vijana studioni kwa sababu walileta habari isiyo na upande wa pili. Umekuwa ukiisimamia nidhamu hiyo tangu nakufahamu, na wanaojua sheria tu au kompyuta tu hawana hiyo nidhamu mkononi kama wewe.

Nilijaribu mwenyewe usiku mmoja wa zamu, taarifa ya saa sita ilipokwisha. Nilichapa masharti na sera ya faragha ya kampuni ya laini yangu, kurasa ishirini na tatu, nikachukua kalamu. Maswali yangu yalikuwa matatu: wanatunza orodha ya simu zangu kwa muda gani, wanaitoa kwa utaratibu gani, na wataniambia wakishaitoa? La kwanza lilijibiwa kwa maneno "kwa muda unaohitajika." La pili, "kwa mujibu wa sheria," bila kutaja sheria ipi wala nani anasaini. La tatu halikuwemo popote. Nilipomaliza kulikuwa kumekucha na nilikuwa na hasira niliyokuwa sijaisikia tangu enzi zetu za dawati la uchunguzi. Hilo ndilo lililonifanya nikuelewe. Naomba unisamehe kwa yale niliyokwambia mwaka jana, kwamba sera ni kazi ya watu wa semina.

Kasoro ya orodha ile ya MacKinnon ya kupima kampuni naiona pia. Kampuni inaweza kuandika sera nzuri ikapata alama, kisha gizani ikafanya mengine. Karatasi haimlindi kijana wa stoo. Ila karatasi ikiwepo, siku ya orodha yenye wino wa njano ana kitu cha kukishika na kusema, mliahidi hivi. Sisi siku ile hatukuwa na chochote cha kukishika.

Mwaka 2021 Wikimedia, wale wanaoibeba Wikipedia, wakamchukua MacKinnon awe makamu wa rais wa kwanza wa kuongoza utetezi wao duniani. Hesabu mwenyewe: miaka 12 CNN, halafu 17 ya kupita chuo hiki na taasisi ile, ufadhili wa mwaka mmoja hapa na mradi pale, ndipo akafika hapo. Kwa hiyo usije ukaniandikia mwezi wa tatu wa kazi mpya kwamba umeshindwa.

Una mambo mawili ya kufanya kabla ya kurudisha kitambulisho. Lile daftari lako jeusi la vyanzo usiliache kwenye droo ya ofisi, hata kwa siku moja, na majina yaliyomo usiyahamishie kwenye simu. Halafu mtafute kijana wetu. Mwambie unaenda kufanya kazi gani, umuulize kama yuko tayari siku moja kusimulia ilivyokuwa, kwa masharti yake yeye. Akikataa, muache.

Namba yake ya sasa ninayo, lakini siiandiki humu. Nitakupa tukionana. Mpe mama pole yangu, mwambie nakuja Jumapili.

Ni mimi, shoga yako wa zamu ya usiku