Nafasi za kutuchunguza sisi zinatangazwa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Wiki iliyopita jamaa yangu kanirushia WhatsApp tangazo la kazi la chuo kimoja huko Ulaya, wanatafuta mtu wa postidoki ya anthropolojia ya nishati na tabianchi, miaka miwili, mshahara mnono, na sehemu ya kufanyia utafiti wameandika kabisa Afrika Mashariki. Kwa wasiojua, postidoki ni kazi ya mtu aliyeshamaliza PhD, hafundishi sana, analipwa atulie achimbe jambo moja mpaka alijue. Na hiyo anthropolojia ya nishati isikutishe jina, ni kukaa na watu uone wanapikaje, wanawasha nini, LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ikiisha nani anatoa hela, umeme ukikatika nani anabeba ndoo. Sasa nikashuka chini kwenye sifa za mwombaji, Kiingereza lazima, ila kujua lugha ya watu wa huko eti ni faida ya ziada. Faida ya ziada jamani! Yaani mtu aje amuulize bibi yangu habari za kuni, halafu Kiswahili kwake ni kama achari pembeni ya sahani.

Nasema hivi kwa sababu nishawahi kuifanya kazi hiyo kwa upande wa pili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mkalimani wa mtafiti mmoja mgeni, jina nalihifadhi, tukizunguka mitaa ya Temeke kuuliza kwa nini watu wana mtungi wa gesi na bado wanapikia mkaa. Mtu mzuri tu, hana makuu, mihogo ya kukaanga anakula na pilipili yake. Nyumba nyingi tulizoingia mtungi upo, ule mdogo wa kilo 6, umewekwa sebuleni kando ya tivii na kitambaa cha kufuma juu yake, na huko uani maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa. Ukimuuliza mama anasema gesi ghali. Tukaandika ghali. Nyumba ya pili ghali, ya tatu ghali, mpaka mimi mwenyewe nikawa natafsiri kabla hawajajibu.

Baadaye ile makala ikatoka, Kiingereza kitupu, mimi nimeshukuriwa mwishoni kama "mkalimani wetu", haya tuyaache. Siku moja nikaenda nayo kwenye simu kwa mama mmojawapo tuliyemhoji, nikakaa naye barazani namsomea kwa Kiswahili huku anachambua mchicha. Alinisikiliza wee, nikafika kwenye ghali akanikatisha. "Hapo mwanangu mmeniandika vibaya. Mkaa ndo ghali, nikijumlisha makopo ya mwezi mzima unaipita gesi. Ila yule dada muuza mkaa wa pale kona ananikopesha mpaka baba yenu apate, sasa mtungi ukiisha nani atanikopesha? Na we ulikuja na mgeni, ningesemaje mbele ya mgeni kwamba naishi kwa madeni?"

Sikuwa na jibu. Maswali mia tumeuliza na la deni hatukuliuliza, na mimi niliyezaliwa mitaa hiyohiyo, ambaye mama yangu alikuwa na daftari la madeni dukani kwa Mangi, nilipaswa kulijua.

Sasa angalia, serikali Mei 2024 imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, yaani tuache kuni na mkaa, lengo ni Watanzania asilimia 80 wawe wamehama ifikapo 2034, na mitungi ya bei ya ruzuku inauzwa huko vijijini, jambo jema sana, miti yetu imekwisha. Lakini ruzuku inakupa mtungi wa kwanza, wa pili unajijazia mwenyewe kwa hela ya mkupuo, na dada wa mkaa bado yuko pale kona na daftari lake. Megawati tunazijua kwa kichwa, 2,115 za bwawa la Nyerere kule Rufiji hata mtoto wa darasa la tano atakutajia, ila habari za daftari la dada wa mkaa nani analipwa azifuatilie miaka miwili?

Wageni siwakatai. Tanja Winther wa Norway alikwenda Uroa kule Unguja akaandika kitabu kizima namna umeme ulivyobadilisha maisha ya kijiji, alikaa nao kweli, heshima yake. Lakini Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu hivi, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, pampu za maji zimezima, mimi nayajua ya siku zile kwa simulizi za shangazi yangu tu. Na Mtwara 2013, kabla mambo ya bomba la kupeleka gesi ya kule Dar es Salaam hayajafika kwenye moto na risasi, si angetakiwa awepo mtu wa kukaa vijiweni asikilize watu wakisema gesi yetu wanamaanisha nini hasa?

Ninachoomba sio kikubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, idara ya sosholojia na anthropolojia ipo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndio wanaotoa vibali vya utafiti, basi mradi mkubwa ukija kuomba kibali uambiwe nafasi moja ya postidoki ikae hapa, kwa mtu wa hapa, na mshahara wa kueleweka, asiwe mshirika wa jina kwenye fomu. Na matokeo yasomwe kwa Kiswahili pale mtaani yalikotoka, ili mama apate nafasi ya kusema hapa mmeniandika vibaya.

Lile tangazo mimi siliwezi, nimeishia masters. Nikamtumia mwalimu wangu wa chuo, dada mmoja kichwa kwelikweli, PhD yake ni ya mambo ya kuni na misitu, nikamwambia dada hii ni yako kabisa. Kanijibu usiku saa sita: "Asante mdogo wangu, hebu nimalize kwanza mitihani 400 ya kusahihisha."

Ni mimi msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam