Barua ya wazi kwa vijana wa mipango miji: Kanisa Kuu la Köln na mto wake

Wanangu mnaosomea ujenzi na mipango miji,

Nawasalimu kwa heri. Nawaomba, kabla hamjaanza kuchora maghorofa yenu, mlitazame kwa makini Kanisa Kuu la Köln, huko Ujerumani, kwa maana yaliyolikuta yanahusu kazi mtakayokabidhiwa: kuamua ni kipi kijengwe jirani na tulichorithi.

Kanisa hilo halitenganishiki na mto Rhine. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, ili masalia ya Mamajusi yaliyoletwa kutoka Milan mwaka 1164 yapate makao yanayostahili, na mawe mengi ya enzi hizo yalichimbwa katika mlima Drachenfels, yakateremshwa kwa vyombo mtoni hadi mjini. Katika karne ya 16 ujenzi ulisimama, na kreni ya mbao ikabaki juu ya mnara wa kusini kwa karne kadhaa. Kazi ilianza tena mwaka 1842, ikakamilika mwaka 1880, minara ikiwa na kimo cha mita 157. Hapa nawasihi msipite haraka: zaidi ya nusu ya gharama za awamu hiyo zilipatikana kupitia chama cha raia, wala si hazina ya mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Köln wakati huo, peke yake. Ndiyo maana wenyeji wana haki ya kusema juu yake.

Vita Kuu ya Pili iliacha sehemu kubwa ya mji magofu; kanisa lilipigwa mabomu, likabaki wima.

Mwaka 1996 UNESCO ililitambua kuwa Urithi wa Dunia, lakini mwaka 2004 ikaliingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hakuna aliyetaka kubomoa hata ukuta mmoja. Hatari ilikuwa majengo marefu yaliyopangwa Deutz, ng'ambo ya mto, ambayo yangeharibu mandhari ya kanisa, na ni baada ya mji kupunguza kimo cha majengo hayo ndipo lilipoondolewa orodhani mwaka 2006.

Basi msikubali kuambiwa kwamba jengo la kale li salama maadamu halijaguswa. Vukeni mto, mlitazame kutoka upande wa pili, kisha mdai ukomo wa kimo uandikwe kabla kiwanja hakijauzwa, kwa kuwa baada ya hapo mtakuwa mnabishana na mtu aliyekwisha kulipa.

Ni mimi, mzee wenu.