Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wenzangu wa maigizo ya jukwaani,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitagusa ada tu: wanaodaiwa wanajijua, na wengine nawaona wamekaa mstari wa mbele.

Jambo lililotukalisha vikao vingi mwaka huu ni mikataba. Mwongozaji anaitwa kwa simu, anapatana na mtayarishaji kwa mdomo, anasimamia mazoezi kwa nauli yake, kisha karibu na onyesho anaambiwa mfadhili hajaleta awamu ya pili. Watayarishaji nao wamelia hapa hapa: wameachwa wakidaiwa ukumbi, taa na chakula cha wasanii. Ndiyo maana mkataba wa mfano tuliougawa una malipo matatu: siku ya kusaini, katikati ya mazoezi, na kabla pazia halijafunguliwa. Hilo la tatu limebishaniwa sana. Kamati haijalegeza.

La pili ni riziki yenyewe. Wengi wetu tunaishi kwa maigizo ya kampeni, ya malaria, ya lishe, ya uchaguzi, wala si aibu. Kule Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na Amandina Lihamba, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikaa na wanakijiji, wakayachambua matatizo ya kijiji kwa ngoma na maigizo. Sasa shirika linafika na ujumbe uliokwisha kuandikwa, na mwongozaji kazi yake ni kupanga nani asimame wapi. Ukifanya hivyo miaka kumi, siku ukipewa *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyochezwa mara ya kwanza Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969, utaanzia wapi na lile kundi la watu jukwaani? Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kiandae walau tamthilia moja kamili kwa mwaka, hata katika bwalo la shule.

Vijana wanaohitimu chuo cha sanaa cha Bagamoyo na Mlimani wanakimbilia televisheni kwa sababu huku hakuna anayewashika mkono. Kila mwongozaji mkongwe achukue msaidizi mmoja, amlipe hata kidogo, na daftari lake la mazoezi alilete ofisini onyesho likiisha. Maonyesho yetu mengi hayana hata karatasi moja ya kumwonyesha mwajiri.

Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi. Fomu ziko mlangoni, na kura zitapigwa baada ya chakula.