Boneti Imekataa Kufunga

Lansing, Michigan
Alhamisi usiku, Julai

Sahibu yangu wa Bodi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mama watoto leo hasemi nami, na sababu yake utaikuta mbele. Najua kabla hujafika mstari wa pili umeshaanza kunihesabia: miezi saba kimya, na sauti zako tano zimelala kwenye simu yangu bila jibu. Haki yako. Zamu ya usiku pale ghalani imenigeuza popo. Nikirudi nyumbani saa moja asubuhi, kwenu ni saa nane mchana, na wewe uko na nyundo mkononi, vumbi la filla ya kuzibia bati hadi kwenye kope. Habari za msiba wa shangazi zilinifikia kupitia kwa Chogo. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Mungu amrehemu. Hayo tutaongea kwa mdomo, kwa kalamu siyawezi.

Sasa nina swali la bodi, na fundi bodi ninayemwamini ni mmoja tu duniani, hata kama spana yangu namba kumi na tatu ameikalia tangu enzi za Makupa, kule Mombasa.

Unamkumbuka yule jirani niliyekutumia picha yake, amekaa kiti cha kukunja mbele ya gereji kama askari wa benki? Mimi humwita Mzee. Naye akadhani ndilo neno letu la kumwita rafiki, basi na mimi ananiita Mzee. Tunaitana Mzee, Mzee, kutwa nzima, majirani wameshatuzoea. Amestaafu kiwandani. Alikuwa akiunda Oldsmobile hapahapa Lansing, jina lile likafungwa mwaka 2004. Lakini gari la roho yake ni Chevrolet, na wenzake wa zamani wakimwona nalo humwambia alikula kwa mamake akaenda kushibia kwa jirani.

Ni Chevelle Malibu ya 1972, milango miwili, buluu. Zile gari za Kimarekani ambazo wenyewe huziita magari ya misuli: bodi ya kawaida ya kwendea sokoni, ndani yake wametia jitu. Hii ya Mzee si ile SS, Super Sport, yenyewe ya kujigamba. Ina V8, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ila ilitoka kiwandani na kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, ya matundu mawili, na kitabu cha mwaka ule kinaandika nguvu ya farasi 165. Lita tano na nukta saba, farasi 165! Hiyo ni kumpa pweza kijiko kimoja ale kwa zamu.

Ndipo Mzee akataka kuondoa ile manifoldi ya zamani ya kuingizia hewa, chuma kizito ambacho mgongo wangu ungali unakikumbuka, aweke ya aluminiamu yenye kubeba kabureta ya matundu manne. Wewe ni mtu wa bati, nitakueleza kibati. Injini imekaa kama herufi V. Manifoldi inakaa katikati ya V, kabureta juu ya manifoldi, eakilina, lile sanduku la chujio la hewa, juu ya kabureta, na juu ya yote kuna boneti. Ghorofa hiyo. Ukiongeza chumba chini, paa linapanda. Hesabu hii mtoto wa madrasa anaijua.

Ziko manifoldi za kampuni hiyohiyo, Edelbrock, za aina mbalimbali. Iko Performer, fupi, ya mtu anayeendesha kuanzia injini ikinguruma taratibu hadi mizunguko 5,500 kwa dakika. Iko Performer RPM, ndefu, njia zake pana, hiyo nguvu yake inaanza 1,500 na kufika 6,500. Mzee akachagua ndefu. Mtu ambaye sijawahi kuisikia injini yake ikipita 3,500! Bongo la mwanamume na kisanduku cha kung'aa, unajua mwenyewe.

Kazi nilifanya kwa adabu, Sahibu, ungekuwepo ungenivulia kofia. Nilimwaga maji ya rejeta kwanza. Distributa ya Chevrolet, ile inayogawa umeme wa plagi, imezama nyuma kupitia kwenye manifoldi, lazima itoke, basi nikatia alama mbili kwa ile rangi nyeupe ya kufutia kalamu: moja rota yake inayozunguka ndani ilikoelekea, moja mwili wake ulikokaa. Nikahakikisha bolti zinaingia wima zote kumi na mbili, maana kwenye hedi, vile vichwa vya injini, za kuanzia 1987 zile nne za katikati zimelazwa, na manifoldi za zamani na za baadaye hazioani. Ncha za mbele na nyuma sikuweka zile gasketi za koki za kwenye boksi. Hizo zikibanwa huteleza nje kama ulimi wa mbwa, na baada ya wiki oili inashuka nyuma ya injini. Nilivuta mstari wa silikoni, unene wa kidole kidogo cha mtoto, nikauacha ukamate ngozi kidogo, nikashusha manifoldi moja kwa moja bila kuisogezasogeza. Bolti nikakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, mpaka futi-pauni 25. Distributa ilinisumbua, ilikaa juu nusu inchi haishuki, nikakumbuka ule mhimili wa pampu ya oili chini yake. Nikaingiza bisibisi ndefu ya bapa, nikauzungusha uchache, ikashuka yenyewe, tup.

Ikawaka mara ya pili. Wallahi Sahibu, sauti ile. Inatoka kifuani. Mzee alisimama akavua miwani, akaivaa.

Kisha nikafunga boneti.

Hapa ndipo nataka akili yako. Boneti ilishuka vizuri mpaka imebaki kama vidole vitatu kukamata kufuli, ikagoma. Si kugoma kwa bawaba, unaijua ile. Kugoma kwa kitu juu ya kitu. Boneti hii ni bapa, haina kibyongo. Zile SS za 1970 hadi 1972 ungeweza kuziagizia boneti yenye mgongo ulioinuka, na kikofia nyuma kinachofunguka ukikanyaga mafuta, inavuta hewa inayojikusanya chini ya kioo cha mbele. Nikamwambia Mzee tununue ya namna hiyo, ya kuigiza, zinauzwa. Akaniangalia kama nimemwambia abadilishe jina la ukoo. Boneti ni ile iliyotoka nayo kiwandani, haondoki nayo mtu.

Basi nilipima. Huku wana udongo wa kuchezea watoto, unaweka vidonge juu ya eakilina, unafunga boneti taratibu, unafungua, unapima kilichobaki. Udongo sina. Lakini mama watoto alikuwa amekanda unga wa chapati ameufunika kwa kitambaa. Nikanyofoa donge. Dogo tu. Nikafanya vijidonge saba, nikavipaka mafuta visigande, nikavipanga duara juu ya kifuniko. Nyuma, karibu na kioo, kidonge kilibaki unene wa kidole, hapo pana nafasi. Pembeni, nusu kidole. Mbele, Sahibu, kilikuwa kimekuwa karatasi, unaona rangi ya kifuniko ng'ambo ya pili. Na cha katikati, nilichokiweka juu ya ile nati yenye masikio mawili inayoshikilia kifuniko, kilikuwa na tundu. Nati imetoboa unga ikatoka juu.

Na si kutosha tu boneti ifunge. Injini inakaa juu ya mipira, ukikanyaga mafuta inajipindua, upande wa dereva unainuka. Nataka nusu inchi ya hewa juu ya kila kitu, au itakuwa ngoma kila akiondoka kwenye taa.

Njia ninazoziona ni hizi. Kuna kubadilisha chujio la inchi tatu niweke la inchi mbili: napata inchi nzima, lakini kabureta inapumua kupitia kitambaa kidogo, na tumetumia pesa ili ipumue. Kuna kitako cha eakilina kilichozama, kinachoshuka kuizunguka kabureta. Nimekijaribu cha kuazima, kikagusa kile kikopo cha choki ya umeme, ya kuwashia injini ikiwa baridi, ubavuni mwa kabureta, tena kwa unene wa kucha tu. Naweza kukipiga kijibonde pale, au kukiinua kwa ringi nyembamba na kupoteza nusu ya nilichopata. Au, na hili ndilo swali la bodi, nikate ule mfupa wa ndani ya boneti, fremu inayoshikilia bati la juu, pale mbele. Bati la juu peke yake si litapepea barabarani? Ukikata mfupa mahali hapo pa katikati, utaunga nini pembeni?

Wewe ulikata wa ile Peugeot ya mama Zuhura, ikakaa miaka. Au ilikaa kwa dua?

Haya. Nimezunguka vya kutosha. Mfupa si swali lenyewe.

Swali lenyewe ni hili. Vile vijidonge vya chapati nimeviweka *baada*. Kwanza nilifunga boneti, ikagoma, nami nikaweka kiganja katikati nikakandamiza. Kidogo. Wewe unajua ule mkono wangu wa kidogo. Ikalia "tak", si kwa nguvu. Ile nati, na stadi yake, yaani msumari wa nyuzi unaoibeba, iliyozidi urefu kwa sababu sikuikata, havikugusa mfupa hata kidogo. Vilipita katikati ya mifupa vikasukuma bati lenyewe la juu. Sasa kwenye boneti ya buluu ya mwaka 1972 kuna chunusi. Ukubwa wa punje ya mtama. Ukisimama mbele huioni. Ukiinama ubavuni jioni, jua likiwa chini, unaiona yenyewe tu na gari lote linapotea.

Mzee hajaiona. Alikuwa amekwenda kuleta soda.

Na kuna jingine, maana nikishaanza kutoa nitoe zote. Nimeandika kule juu kwamba Mzee alichagua manifoldi ndefu. Alichagua, ndiyo. Lakini alinipigia simu kutoka dukani, akaniuliza: Mzee, niende na ipi? Nami nikiwa nusu usingizini nikamwambia beba ile kubwa. Sikumwuliza boneti ina nafasi gani. Sikupima. Fupi ingekaa pale kama imezaliwa pale, na kwa anavyoendesha yule asingehisi tofauti hata siku moja. Nilitaka kuisikia mimi. Miaka tisa naendesha forklifti ya umeme, Sahibu, haina hata mlio wa kukohoa.

Sasa Jumamosi ya tatu ya Agosti kuna Woodward Dream Cruise, kule kwenye vitongoji vya Detroit. Tangu 1995 karibu kila mwaka magari ya zamani yanajaa barabara ya Woodward, watu wanaweka viti ukingoni kama wanangoja maulidi. Kutoka hapa ni mwendo wa saa moja na nusu. Mzee ameshaniambia tutakwenda wote, mimi nitakaa mbele. Ameninunulia kofia.

Kwa hiyo nijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili anataka kuiosha, na mtu akiosha gari kwa mkono wake vidole vyake vinaona kuliko macho. Chunusi inayotokea juu unaitelemsha vipi bila rangi kupasuka? Rangi ni ya zamani lakini imepigwa vizuri, nadhani mara mbili. Nipashe moto bati kwanza au niliache baridi? Ule ujanja wako wa kijiti cha mpera na kinyundo cha mpira unafaa kwa bati nene la Kimarekani, au ulikuwa wa bati la Datsun tu? Nigonge juu yake hasa, au nizungukie pembezoni kwanza? Na chini yake niweke nini, mkono, mfuko wa mchanga, au niache wazi? Na kama ungekuwa wewe, ungemwambia kwanza ndipo ugonge, au ungegonga kwanza? Nijibu hilo la mwisho hata kama mengine huna nafasi.

Hujambo lakini? Mgongo vipi, ulikwenda kuuonyesha? Kijana wako amemaliza mtihani? Na yule mtu wa plot ya Mikindani amekulipa au bado anakuapia?

Wasalimu wote wa baraza, Chogo usimwambie habari ya chunusi. Mama watoto anakusalimu, ingawa kupitia kwa mtoto, maana chapati zilipungua mbili na mgeni alikuwepo.

Nitumie kwa sauti kama kuandika kunakuchosha. Ila usitaje boneti. Mzee huja kukaa na mimi hapa kizingitini kila jioni, simu yangu inapiga kelele, na hilo neno ameshalijua.

Nduguyo,
Fundi Injini